Kati ya Mirathi na Wasia: Maisha ya Baadaye ya Aang na Hatima ya Shujaa katika The Legend of Korra

Utangulizi

Nadharia nyingi za ushujaa hukoma mapema. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, anaorodhesha kazi 31 za wahusika, na ya mwisho ni ile ya shujaa kuoa na kutawazwa. Joseph Campbell naye, katika The Hero with a Thousand Faces (1949), anauchora mzunguko wa safari ya shujaa ambao hukamilika pale anaporejea kwao akiwa na tunu ya kuwafaa watu wake. Mikabala hii miwili imewasaidia sana wahakiki wa fasihi simulizi na hata wa riwaya. Hata hivyo, inaacha pengo. Shujaa akishaoa na kuigawa tunu yake, huishi vipi? Watoto wake humwonaje? Na wale aliowaokoa humkumbuka kwa lipi?

Makala haya yanayachunguza maswali hayo kwa kumrejelea Aang, mhusika mkuu wa mfululizo wa katuni wa Kimarekani uitwao Avatar: The Last Airbender. Kazi hiyo, iliyobuniwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ilionyeshwa na kituo cha televisheni cha Nickelodeon tangu Februari 2005 hadi Julai 2008. Ina sehemu 61 zilizogawanywa katika vitabu vitatu. Watunzi hao waliiendeleza kwa The Legend of Korra (2012–2014), yenye sehemu 52 katika vitabu vinne, ambamo Aang ameshafariki na nafasi yake imeshikwa na msichana Korra. Aidha, hadithi za picha zilizoandikwa na Gene Luen Yang na kuchapishwa na Dark Horse kuanzia mwaka 2012 zinaziba baadhi ya mapengo yaliyomo baina ya kazi hizo mbili.

Ili kuuweka wazi msimamo wa makala haya, ni muhimu kutofautisha dhana mbili ambazo Kiswahili kinazitenga vyema: mirathi na wasia. Mirathi ni mali au haki inayomfikia mtu kwa sababu ya damu; hugawanywa, na kila anayepata fungu kubwa humpunguzia mwenzake. Wasia ni neno analoachiwa yeyote mwenye sikio la kusikia, na haupungui kwa kusikiwa na wengi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba The Legend of Korra inayasawiri maisha ya baadaye ya Aang kama mgogoro kati ya dhana hizi mbili. Shujaa aliyeshinda kwa kukataa ushauri wa waliomtangulia aliishia kuwatwika watoto wake mirathi nzito, na mfululizo mzima unafanya kazi ya kuigeuza mirathi hiyo iwe wasia. Itaonyeshwa pia kwamba kazi hiyo haikukamilishwa vizuri.

Mtoto wa mwisho wa kabila lake

Ulimwengu wa hadithi hii umegawanyika katika mataifa manne yanayofungamana na maji, ardhi, moto na hewa. Katika kila taifa wapo watu wenye kipawa cha kuiamrisha elementi yao. Ni mtu mmoja tu, aitwaye Avatari, anayeweza kuziamrisha zote nne, naye akifa huzaliwa upya katika taifa linalofuata. Neno lenyewe limetokana na Kisanskriti, ambako hutaja kushuka kwa nguvu ya kimungu duniani. Hata namna ya kumtambua Aang utotoni, kwa kumwona akichagua vitu vya kuchezea vilivyokuwa vya Avatari waliomtangulia, inaukumbusha utaratibu uliotumika Tibeti mwaka 1937 kumtambua Dalai Lama wa 14, aliyekuwa na miaka 2.

Aang ni mtoto wa Wahamaji wa Hewa, watu wa mahekalu ya milimani, wasiopenda kumwaga damu. Alipoambiwa kwamba yeye ndiye Avatari, alitoroka, akapatwa na dhoruba, na akabaki ndani ya barafu kwa miaka 100. Katika kipindi hicho Sozin, mtawala wa Taifa la Moto, aliwaangamiza watu wake wote. Anapoamka angali mvulana wa miaka 12, na tayari ni masalio ya ustaarabu mzima. Katika sehemu ya tatu ya kitabu cha kwanza anarudi kwenye hekalu alikolelewa na kuyakuta mifupa ya Gyatso, mlezi wake. Tukio hilo linapaswa kukumbukwa na kila anayetaka kumwelewa Aang mtu mzima. Kila alilolitenda baadaye, likiwamo lile ambalo wanawe walimlaumu kwalo, lina mizizi katika chumba kile.

Kilele cha mfululizo wa kwanza ni pambano lake na Ozai, mjukuu wa Sozin. Kabla ya pambano hilo Aang anaziita nafsi zake za kale na kuomba ushauri. Roku, Kyoshi na Kuruk wanampa mifano inayomwelekeza kwenye uamuzi wa kuua. Tumaini lake la mwisho ni Yangchen, ambaye alizaliwa na kukulia katika watu wake wa Hewa. Yeye pia anamfahamisha kwamba wajibu wa Avatari kwa ulimwengu unazidi utakaso wa nafsi yake mwenyewe. Aang anakataa. Kwa elimu aliyoipata kwa kasa-simba wa kale, anamnyang'anya Ozai uwezo wa kuamrisha moto na kumwacha hai.

Wahakiki kadhaa wameuona mwisho huu kuwa wa kukwepa, kwa kuwa ufumbuzi unatoka nje ya msuko. Lawama hiyo ina uzito. Lakini ikitazamwa kwa upande wa mada ya makala haya, jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba Aang anakuwa shujaa kamili kwa kutowatii wafu. Anawaheshimu na kuwasikiliza, kisha anaamua kinyume chao. Msimamo huo unarudiwa katika The Promise (2012), hadithi ya picha inayoanza mara tu baada ya vita, ambamo Aang anahitilafiana na Roku na hatimaye kukata mawasiliano naye. Hii ndiyo sifa ambayo waliorithi jina lake wameisahau.

Ukimya kama mbinu ya usimulizi

The Legend of Korra inaanza miaka 70 baada ya vita. Mtazamaji aliyemwacha Aang akiwa kijana, akikumbatiana na Katara katika machweo ya mji wa Ba Sing Se, anakutana naye tena akiwa sanamu kubwa ghubani. Baina ya picha hizo mbili kuna maisha mazima ambayo hayakusimuliwa kwa utaratibu. Kuna vipande tu: kesi moja mahakamani, kumbukumbu za watoto wake, jina la kisiwa, na mji alioushiriki kuuasisi.

Kifo chake hakionyeshwi. Maelezo rasmi yanayoandamana na mfululizo yanaeleza kwamba alifariki akiwa na umri wa mwili wa miaka 66, kwa sababu miaka ile 100 ndani ya barafu ilikuwa imemaliza sehemu kubwa ya nguvu zake za uhai. Kinaya kilichomo ni dhahiri: barafu iliyomwokoa asiuawe na Sozin ndiyo iliyomfupishia maisha.

Msomaji wa tendi za Kiswahili ataiona tofauti hapa. Kifo cha Fumo Liyongo ni kilele cha utendi wake: shujaa amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, na maiti yake inabaki imepiga goti kisimani, upinde mkononi, huku watu wakiogopa kuisogelea. Ushujaa unathibitishwa na mwili. Katika kazi inayohakikiwa hapa mwili haupo, na badala yake pana jiwe lililochongwa. Watunzi wanaonekana kuamini kwamba uzito wa shujaa aliyekufa hupimwa vyema kwa kutazama mabega ya waliobaki. Uamuzi huo una manufaa ya kisanaa, maadamu unamlazimisha mtazamaji amjue Aang kama wanawe walivyomjua, yaani kwa vipande na kwa masikitiko.

Huruma na matokeo yake

Kipande kirefu zaidi cha maisha ya utu uzima ya Aang kinapatikana katika kitabu cha kwanza cha The Legend of Korra, kwa mbinu rejeshi. Ni kesi ya Yakone, mhalifu aliyekuwa na uwezo wa kuamrisha damu iliyomo miilini mwa watu bila ya kusubiri mwezi mpevu. Baada ya kuhukumiwa anaishika mahakama nzima kwa uwezo huo, akiwamo Aang, na kutoroka. Aang anamfuata, anamshinda, na kumfanyia kama alivyomfanyia Ozai: anamwondolea uwezo na kumwachia uhai.

Kwa Ozai huruma hiyo ilikuwa mwisho wa hadithi. Kwa Yakone imekuwa mwanzo wa nyingine. Anatoroka kifungoni, anabadilisha sura, anaoa huko kaskazini na kupata watoto wawili wa kiume, Noatak na Tarrlok. Watoto hao anawafundisha kuamrisha damu ili wamlipizie kisasi kwa Avatari. Noatak anakuja kuwa Amon, kiongozi wa vuguvugu la watu wasio na vipawa katika Mji wa Jamhuri, ambaye huwanyang'anya waamrishaji uwezo wao mbele ya umati na kudai kwamba amepewa kipawa hicho na mizimu.

Usawiri wa Amon unastahili kuangaliwa kwa makini. Kitendo chake kwa nje kinafanana kabisa na kile cha Aang: mkono juu ya mtu aliyepigishwa magoti, na uwezo unaondoka. Alama iliyokuwa ya huruma imegeuzwa kuwa alama ya kitisho. Aidha, Yakone kama baba ni kivuli cha Aang. Wote wawili wamepoteza kitu kikubwa, na wote wawili wanatafuta mtoto wa kukirejesha. Yakone aliitaka damu yake imrudishie heshima, na Aang aliitaka damu yake imrudishie kabila. Malengo yao yanatofautiana kama mbingu na ardhi, lakini mtoto anayechaguliwa kubeba mzigo wa baba yake huelemewa kwa namna ile ile.

Je, kazi hii inasema kwamba Aang alikosea kumwachia Yakone uhai? La hasha. Hakuna mhusika anayetoa hukumu hiyo, na mwishoni mwa kitabu hicho ni Aang yule yule anayemtokea Korra, aliyekwisha kunyang'anywa uwezo wake karibu wote, na kumrudishia. Elimu iliyotumika kuondoa inatumika kurejesha. Kinachosemwa ni kwamba hakuna tendo jema linalofunga hesabu moja kwa moja. Wanaofuata watalazimika kulisimamia upya.

Baba wa taifa na baba wa watoto

Aang na Katara walipata watoto watatu. Bumi, mkubwa, alizaliwa bila kipawa chochote, akajiunga na jeshi na kupanda hadi cheo cha kamanda. Kya alirithi kipawa cha maji kutoka kwa mama yake. Tenzin, kitindamimba, ndiye pekee aliyezaliwa na uwezo wa kuamrisha hewa. Mpangilio huu wa kiuzazi ndio unaozaa mgogoro mkuu wa familia hiyo.

Katika kitabu cha pili, kilichoonyeshwa mwaka 2013, ndugu hawa watatu wanasafiri pamoja hadi Hekalu la Hewa la Kusini. Tenzin anazikumbuka kwa furaha safari alizofanya utotoni na baba yao. Kya na Bumi wanamjulisha kwamba wao hawakuwamo katika safari hizo. Hata watumishi wa hekalu wanaonyesha mshangao wanapoambiwa kwamba Avatari alikuwa na watoto wengine. Tukio hili limechorwa kwa ucheshi, lakini ni mojawapo ya shutuma kali zaidi zilizowahi kutolewa dhidi ya shujaa wa katuni na watunzi wake wenyewe. Mtu aliyewasamehe maadui wa ulimwengu hakuweza kuwagawia wanawe muda kwa usawa.

Hapa inafaa kurejea kwenye mifupa ya Gyatso. Aang alikuwa maktaba ya mwisho ya watu wake. Nyimbo, mapishi, michezo, mafunzo ya kupumua na ya kuruka, vyote vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alijua kwamba angekufa. Ilipotokea mtoto mmoja anayeweza kuyapokea yote kwa vitendo, kila saa aliyokaa na wengine ilikuwa saa inayoibwa kutoka kwa wafu wote wa kabila. Maelezo hayo yanamfanya aeleweke, ingawa hayamwondolei lawama. Ubora wa sehemu hizi unatokana na jinsi zinavyozishikilia kweli hizi mbili bila kuichagua moja.

Bumi ndiye anayelibeba jeraha hili kwa uwazi zaidi. Katika onyesho moja tulivu anasimama peke yake mbele ya sanamu ya baba yake na kueleza matumaini kwamba, japo hakuzaliwa na kipawa kilichotarajiwa, hakumtia aibu. Mzee wa makamo, mwenye cheo na masimulizi mengi ya vita, bado anaomba ruhusa kwa jiwe.

Tenzin naye, ambaye kwa mtazamo wa nduguze ndiye aliyepata fungu zima, hana raha. Amekua akijiona kuwa chombo cha kumhifadhi mtu mwingine. Anaogopa kufanya kosa, kwa maana kosa lake si lake peke yake. Aibu yake kubwa ni kwamba, kinyume na baba yake, hajawahi kuweza kuingia katika ulimwengu wa mizimu, ilhali bintiye Jinora ana kipawa hicho bila kujitahidi. Mwishoni mwa kitabu cha pili, akimtafuta Jinora katika ukungu unaowatia wazimu wanaoingia humo, Tenzin anaanza kujihubiria kwamba yeye ni mwana wa Aang na tumaini la kabila. Kadiri anavyolirudia jambo hilo ndivyo anavyozidi kupotea. Linalomponya ni sura ya baba yake inayomweleza kwamba si lazima awe kivuli cha mtu mwingine. Anapoipokea kweli hiyo ukungu unamwachia. Hapo ndipo mirathi inapogeuka kuwa wasia kwa mara ya kwanza katika kazi hii: Tenzin anamkaribia baba yake kwa kuacha kumwiga.

Damu au mafunzo?

Swali zito zaidi linaloibuliwa na maisha ya Aang ni hili: utamaduni uliobaki na mtu mmoja unaweza kuokolewa kwa njia gani? Hadithi ya The Promise inalikabili kwa ujasiri. Aang anakutana na vijana waliojiunga katika chama cha kumshabikia, wanaoiga mavazi na desturi za watu wake. Anapowakuta wengine katika mji wa Yu Dao wamejichora michoro ya mishale, ambayo kwa Wahamaji wa Hewa ni alama ya umahiri unaopatikana baada ya mafunzo marefu, hasira inampanda. Kwake hiyo ni dhihaka juu ya makaburi. Hatimaye anatambua kwamba anaweza kuwafukuza na utamaduni ufe katika usafi wake, au kuwafundisha na uishi kwa sura nyingine. Anachagua kuwafundisha, na hao ndio wanaokuwa mbegu ya jumuiya ya wanafunzi wa Hewa watakaoyatunza mahekalu kwa miongo inayofuata.

Si sadfa kwamba uamuzi huo unafanyika Yu Dao. Mji huo ulikuwa koloni la Taifa la Moto ndani ya Ufalme wa Ardhi, na baada ya zaidi ya karne moja wakazi wake walikuwa wamechanganyika kwa ndoa na biashara hivi kwamba kuwatenganisha kungekuwa dhuluma mpya. Aang, aliyekuwa ameunga mkono mpango wa kuwaondoa walowezi, anabadili msimamo. Kutokana na mabadiliko hayo ndipo linapozuka wazo litakalozaa Mji wa Jamhuri, aliouasisi pamoja na Zuko, mwana wa Ozai. Katika siasa na katika utamaduni, Aang aliyekomaa anajifunza jambo moja: mchanganyiko nao unaweza kuwa uaminifu.

Kitabu cha tatu cha The Legend of Korra (2014) kinalichukua swali hilo kwa njia nyingine. Kufuatia tukio la kiroho lililofunga kitabu cha pili, watu wa kawaida huku na huko wanaamka wakiwa na uwezo wa kuamrisha hewa. Bumi ni mmoja wao. Tenzin anasafiri akiwaalika waje kulijenga upya taifa la baba yake, na karibu wote wanakataa. Wana kazi zao, wazazi wao, mapishi yao. Mwaliko wake unasikika kama agizo la kuzika maisha yao ndani ya makumbusho.

Anayeijua falsafa ya Wahamaji wa Hewa kuliko waamrishaji wapya wote ni adui, Zaheer. Kwa miaka ya kifungo aliyatafakari mafundisho ya Laghima, bingwa wa kale aliyeruka angani kwa kujikata na kila kinachomfunga duniani. Zaheer anamuua malkia wa Ufalme wa Ardhi kwa kumwondolea pumzi, na baada ya mpenzi wake kufa anaruka kama Laghima. Ulinganisho na Aang hauepukiki. Akiwa mtoto, Aang alitakiwa na mwalimu wake Pathik auachilie upendo wake kwa Katara ili afikie daraja ya juu kabisa ya uwezo wake, naye hapo mwanzo alikataa. Familia yote inayozozana katika The Legend of Korra ni tunda la moyo ule usiokubali kukatwa. Zaheer ana maandiko yote na hana huruma. Aang alikuwa na huruma, na aliyapindisha maandiko pale ilipobidi. Kwa kuwaweka wawili hawa sambamba, watunzi wanaonyesha kwamba kuyahifadhi mafundisho neno kwa neno hakumfanyi mtu kuwa mrithi wa walioyaishi.

Kukatika kwa uzi

Mwishoni mwa kitabu cha pili, adui anapoitenganisha roho ya mwanga na Korra na kuiharibu, nafsi zote za kale za Avatari zinapotea, ya Aang ikiwamo. Roho hiyo inarejea, lakini wale wa zamani hawarejei. Watazamaji wengi waliumia kwa tukio hili, na baadhi yao waliliona kuwa dharau kwa mfululizo wa kwanza. Linaweza kusomwa vinginevyo. Iwapo ushujaa wa Aang ulitokana na kuwasikiliza wafu na kisha kuamua mwenyewe, basi Korra amewekwa mahali ambapo hana budi kuufikia uhuru huo bila msaada. Sauti ya Aang inanyamaza, na kuanzia hapo kila anayetaka kujua angelisema nini analazimika kutafuta jibu katika alichokifundisha.

Mwisho wa kitabu cha tatu unaonyesha jibu moja. Jinora anachorwa michoro ya umahiri, naye akiinua uso anafanana kwa kushangaza na babu ambaye hakuwahi kuonana naye akiwa hai. Papo hapo Tenzin anatangaza kwamba watu wa Hewa watarudia uhamaji wa kale na kuwahudumia wenye shida popote walipo, wakati Korra angali mgonjwa. Taifa la Hewa linapata sababu ya kuwapo ambayo haitegemei kumbukumbu ya mtu mmoja.

Kasoro za usawiri

Pamoja na ubora huo, kazi hii ina udhaifu wa kimsingi. Wale wanafunzi wa Hewa waliokubaliwa na Aang kwa gharama ya hasira na majuto yake, waliofagia mahekalu na kuzihifadhi desturi kwa zaidi ya nusu karne, wanabaki kuwa mandhari tu katika The Legend of Korra. Hawana sauti, na takriban hawana majina. Kabila linapofufuka linafufuka kwa muujiza unaowaangukia watu wasioijua hata sala moja. Hadithi ya Yang ilikuwa imejenga hoja kwamba mafunzo yanatosha. Mfululizo wa televisheni unaibomoa kwa kudokeza kwamba bila kipawa cha mwilini taifa halihesabiki kuwa hai.

Udhaifu huo unamgusa Bumi hasa. Jeraha lake lilikuwa swali halisi: je, mtoto asiye na kipawa ni mwana kamili wa Aang? Badala ya kujibiwa, swali linafutwa kwa kumpa kipawa. Mtazamaji anafurahi pamoja naye, lakini kina Bumi wengine wote, waliobaki bila upepo mikononi, hawakuambiwa kitu. Ni kinaya kwamba kazi iliyoanza kwa kuyapa uzito malalamiko ya wasio na vipawa katika kitabu cha kwanza inayasahau katika cha tatu.

Kasoro ya pili inamhusu Katara. Mwanamke aliyeivunja barafu na kumtoa Aang, aliyepigana naye bega kwa bega, na aliyelea watoto wote watatu pale baba aliposafiri na mmoja, anasawiriwa kuwa bibi mtulivu anayetibu wagonjwa kusini. Hakuna pahala anapoulizwa ndoa ile ilikuwaje. Malalamiko ya Kya na Bumi yanaelekezwa kwa baba aliyekufa, ilhali shahidi mkuu yu hai na hakuitwa kutoa ushahidi. Historia ya shujaa isiyomsikiliza mjane wake ni historia nusu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha ya baadaye ya Aang ni kiini cha The Legend of Korra, japo mwenyewe haonekani ila kwa nadra. Kupitia kesi ya Yakone imebainika kwamba huruma yake ilidai ulinzi wa vizazi vilivyofuata. Kupitia wanawe imebainika kwamba mtu anaweza kuliokoa kabila na kuwaumiza wake wa karibu kwa tendo lile lile. Kupitia Yu Dao, Zaheer na Jinora limejadiliwa suala la nani hasa anastahili kuitwa mrithi.

Suala hilo linavuka mipaka ya katuni. Kila jamii ambayo wazee wake wa mwisho wenye kujua utendi, tiba au lugha fulani wanaelekea kuisha hukabiliwa na uamuzi wa Aang: kumsubiri mjukuu wa damu mwenye kipawa, au kumfungulia mlango mgeni aliyejichora alama asizozielewa na kumfundisha maana yake. Aang wa The Promise aliufungua mlango huo. Watunzi wa mfululizo wa televisheni, walipofika kizingitini, walisita na kuuita muujiza uje uwasaidie. Mhakiki anayeichukua kazi hii baadaye atafanya vyema akianzia kwa wale wanafunzi wasio na majina, kwa kuwa wao ndio walioupokea wasia bila kutarajia mirathi.